Filamu Iliyoruka Nyimbo Pale Segese

Jumapili moja mchana, kwenye banda la video la Mzee Salmini pale Segese, fundi saa na binti wa mkuu wa stesheni walifunga ndoa kwenye filamu, na ukumbi mzima haukujua walipendana saa ngapi.

Sio utani.

Benchi la nyuma alikuwepo Boaz, jasho linamtoka mpaka kisigino. Tena alikuwa amevaa shati jipya.

Boaz anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Pale kelele ni kinoma, watu wanaongea kwa mikono. Kazi hiyo imemfanya jamaa awe mtu wa kuonyesha tu. Kusema, sahau.

Pembeni yake alikaa Nelly, fundi cherehani. Mtaa mzima ulijua hawa ni wapenzi, ila neno lenyewe Boaz hakuwahi kulitamka.

Alikuwa na ujanja wake. Mzee Salmini, mtu wa Tanga aliyehamia huku kitambo, anazipenda sana filamu za zamani za Kizungu za kuimba. Maongezi anayatafsiri mwenyewe kwa maiki. Wimbo ukianza, anazima maiki na kukunja mikono. Husema wimbo unajitafsiri wenyewe.

Basi wimbo ukianza, Boaz anaushika mkono wa Nelly. Wimbo ukiisha, anauachia.

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yake yote.

Siku hiyo alikuja amejikoki. Filamu alishaiona. Alijua kuna wimbo wa kule stesheni, vinanda vinapanda mpaka nywele zinakusimama. Alipanga vikipanda tu, achomoe pete mfukoni, amvalishe mtu wake kimya kimya. Mchezo umeisha.

Wimbo wa kwanza uliruka. Akajipa moyo.

Binti akafika stesheni. Fundi saa akavua kofia, akavuta pumzi.

Picha ikaruka. Wako kanisani.

Ukumbi ukaguna. Mama Limi, muuza dagaa, akasema hao gete, yaani kweli kabisa, wameozeshwa kwa nguvu, maana hata kutongozana hawajatongozana. Mzee Salmini akajibu kwa maiki kwamba sidii imekwaruzika, kila penye wimbo inaruka.

Boaz akabaki na pete kiganjani kama mtu aliyeokota simu ya mwenzake.

Akasimama. Watu wakajua anaenda kumkaba mzee wa watu.

Akaanza kuimba.

Maneno ya Kizungu hakuyajua, kwa hiyo akaimba la-la-la, sauti imepinda kama bati lililopigwa na upepo. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mmoja akaanza kugonga benchi, mwingine akaitikia, na kabla hujakaa sawa banda zima lilikuwa linamsindikiza.

Alipofika penye vinanda kupanda, pumzi ikamwishia. Hata waliogonga benchi wakaacha. Hapo hakuna wa kumsaidia.

"Nelly," akasema. "Nakutogilwe."

Kiswahili kilikuwa kimemkimbia. Kilichotoka ni Kisukuma cha nyumbani, kwamba anampenda.

Nelly akamnyooshea kidole.

"Nimekusikia," akamwambia. "Nivalishe, halafu ukae. Unawaziba watu."

Banda lilipotulia, Mzee Salmini akairudisha filamu mwanzo. Ikacheza moja kwa moja, wimbo baada ya wimbo, haikuruka hata sehemu moja. Pale stesheni Mama Limi alilia na kitenge chake. Eti kumbe walipendana vizuri tu.

Boaz ndiye aliyeganda. Akamuuliza Nelly imekuwaje sidii ikapona ghafla.

Nelly akacheka. Alikuwa amekwenda kwa Mzee Salmini jana yake, kumwomba aziruke nyimbo zote.

"Nilichoka kutongozwa na watu wa kwenye filamu," akasema.

Ndugu yangu, zile nyimbo huingia pale maneno yanapokwama, ndiyo maana ukizitoa hadithi nzima inabaki mifupa. Zifurahie, zikulize ukipenda. Ila mtu wako usimwachie mwimbaji akusemee kila siku. Imba vibaya, lakini uimbe wewe.