Kisu cha Bwana Usafi

Umeshaua nini leo kwa usafi wako? Usikimbilie kujibu. Hata yule mtunza miche waliyemwita Bwana Usafi angekuapia kwamba hajawahi kudhuru sisimizi, na angekuwa anasema ukweli wote anaoujua.

Alikuwa mtu mfupi, mikono yake ikinukia sabuni kutwa. Alifanya kazi kwenye kitalu cha mimea ya dawa, nyuma ya kiwanda kidogo kilichokausha majani na kuyafunga kwenye pakiti. Palikuwa na vibanda viwili vya wavu, meza ndefu za mabati, bomba moja lililovuja, na pipa jeusi juu ya moto. Ndani ya pipa hilo alichemsha udongo kabla ya kuutia kwenye vikopo.

"Leo mboga gani, Bwana Usafi?" wenzake walimuuliza wakipita.

"Mboga ya wenye akili. Nyie kaleni minyoo."

Kisu chake cha kukatia vipandikizi hakikuazimwa na mtu. Kila akikata tawi alikifuta, huku na huku, kwa kitambaa cha buluu kilichokaa mfukoni mwa koti lake la kazi. Kitambaa alikifua kila jioni, akakianika, na asubuhi akakirudisha mfukoni. Hakuna aliyemfundisha hayo. Yeye aliona tu kwamba uchafu ndio mama wa balaa zote, na hapo hakubishika.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa hawezi kuacha kikombe mezani akageuka. Akirudi angekikuta kimeoshwa.

"Ungeweza, ungenichemsha na mimi," alimwambia.

"Nikikuchemsha utapungua, na mimi sikuoa nusu."

Walicheka, ila kicheko cha mama yule mara nyingi kiliishia kwenye kikohozi, kwa sababu alikuwa na pumu ya miaka mingi. Dawa ya kuvuta aliyopewa hospitali ilimwokoa akibanwa. Lakini kilichompa usingizi ni majani ya kichaka kimoja pale kitaluni, walichokiita mchungu. Akinywa maji yake jioni, alilala chali kama watu wengine. Akiyakosa, alilala ameketi, mgongo ukutani, kifua kikipiga filimbi hadi kunakucha. Kwa hiyo mchungu kwa Bwana Usafi haukuwa kibarua tu. Ulikuwa pumzi ya mkewe.

Siku moja alikuja binti mmoja mtafiti kutoka chuoni. Alikuwa amechukua majani ya mchungu mwezi uliopita, akayaosha kwa juu mpaka yakatakata, akayakata na kuyaweka kwenye visahani. Sasa alirudi na kisahani kimoja amuonyeshe Bwana Usafi. Kwenye kila kipande cha jani, pale palipokatwa, palikuwa pameota manyoya meupe, membamba kama pamba iliyochambuliwa.

"Unaona, mzee? Ndani ya mchungu wenu mna kuvu. Sasa jambo lenyewe ni kwamba..."

Jambo lenyewe hakulisikia. Neno kuvu lilishamwingia kama mwiba. Binti aliongea, yeye akatikisa kichwa kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye meza za mabati, yakiihesabia siku zake michungu yote. Ndivyo tulivyolelewa, jamani: tusichokiona ni adui, na adui hapewi nafasi ya kujieleza.

Binti alipoondoka, mzee alikata vipandikizi vipya, akavilowesha kwenye dawa kali ya kuulia kuvu, akavipanda kwenye udongo uliochemshwa mara mbili. Mashina ya zamani aliyang'oa, akayachoma nyuma ya kibanda. Moshi wake ulikuwa mchungu hadi kooni. Kijiti kimoja tu cha mchungu kilinusurika: mkewe alikuwa amekiokota zamani kwenye takataka za kazini alipomletea mumewe chakula, akakichomeka kwenye kopo la maziwa lenye udongo wa uani, akaliweka dirishani jikoni.

"Hicho kichafu," mzee alimwambia.

"Na mimi je? Mbona umenivumilia?"

Mzee akaenda kunawa mikono. Kopo likabaki dirishani.

Mwanzoni miche mipya ilisinyaa, ikakaa tu, kama wageni waliokosa mwenyeji. Kisha, bila dalili, ikaanza kurefuka. Haikurefuka kwa kawaida yake. Ilipanda. Mzee aliiacha jioni ikiwa chini ya kiwiko, na baada ya siku chache ikamfika begani. Mashina yalikuwa membamba, majani yana rangi ya njano iliyofifia, yameachana mbali mbali kama ndugu waliogombana.

Meneja alifurahi mpaka akapiga makofi. "Bwana Usafi! Unailisha nini hii? Nipe na mimi, wanangu wafupi!"

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye meza ya mwisho. Upepo ulikuwa umetulia, wavu haukutikisika, na bado miche ilikuwa ikiyumba polepole, yote kuelekea upande mmoja.

Nyumbani mkewe alionja maji ya majani mapya, akaweka kikombe chini.

"Haya yananyweka kama maji ya kuoshea vyombo. Uchungu umekwenda wapi?"

"Labda hukuyachemsha vizuri."

"Hata niyachemshe mpaka sufuria ilie. Hayana kitu, baba."

Wiki hiyo alilala ameketi. Mumewe alisikiliza ile filimbi na kila ilipokatika naye alizuia pumzi, mpaka ianze tena. Jioni moja akashindwa. Alitoka kazini, hata viatu hakuvua, akaenda moja kwa moja kwenye kopo la dirishani. Akatoa kisu chake, akakifuta vizuri kwa kitambaa cha buluu, huku na huku, akakata matawi matatu. Maji ya majani yale yalikuwa machungu hadi mkewe akafumba macho na kutabasamu. Akalala chali. Kopo lilibaki na kishina na majani machache, wakaliacha lichipue tena.

Huku kitaluni miche ilianza kuanguka. Mmoja ulilala kwenye meza, kesho yake mitano, na chini ya shina la kila uliolala palikuwa na unga mweupe wenye wekundu kwa mbali. Meneja aliacha kupiga makofi. Akampigia simu binti wa chuoni.

Alikuja, akainama juu ya meza, akauchunguza ule unga.

"Mzee, uliitia dawa?"

"Ulisema ina kuvu."

"Nilisema pia kwamba ile haikuwa ugonjwa." Hakumkemea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa habari za msiba. "Inaishi ndani ya shina na majani maisha yote. Mti unaipa sukari, nayo inausaidia kupanga homoni zake: lini urefuke, lini utulie, lini utengeneze ule uchungu. Walikuwa wanalea nyumba pamoja."

"Na hii nyeupe?"

"Hii ni nyingine. Nyumba ikiachwa tupu haikosi mpangaji. Huyu anamwaga homoni ya kurefusha bila kipimo. Mti unakimbia, haupati nafasi hata ya kula, mwisho unaanguka." Akanyoosha mgongo. "Nikipata mmoja tu wa zamani, usiotiwa dawa, naweza kuurudisha ukoo. Upo?"

Mzee alihisi kama amefunguliwa kamba. "Upo! Upo nyumbani, dirishani!"

"Mungu mkubwa. Basi usiuguse. Maana hii nyeupe inasafiri kwa mikono, kwa vitambaa, kwa..."

Lakini mzee alikuwa ameshafika getini, koti mkononi.

Jioni hiyo aliinama juu ya kopo kwenye mwanga hafifu wa jikoni. Kichaka kilikuwa kifupi, cheusi cheusi, kimekaa kwa ukaidi wake. Machipukizi yalikuwa madogo kama mchele. Hakugusa. Alimweleza mkewe yote, na mara hiyo alimweleza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uchafu wangu ndio utawaokoa," mkewe alisema, akikohoa kwa kicheko.

"Kesho binti anakuja kuuchukua."

"Aniachie hata majani mawili."

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya mkewe, akaenda jikoni bila kuwasha taa, akavuta pazia. Dirisha lilikuwa limefungwa. Machipukizi mawili yalikuwa bado kama mchele. Lile la tatu, lililotokea pale pale kisu kilipokata, lilikuwa limepanda usiku kucha kupita ncha ya kichaka, jembamba, la njano, limeegemea kioo. Lilikuwa linayumba.

Mkono wa mzee ulikwenda mfukoni mwa koti lililoning'inia mlangoni, ukakuta kitambaa cha buluu, ambacho jana hakukumbuka kukifua, ukakiachia kama umegusa kaa la moto.

Chumbani filimbi ikaanza, kisha sauti ya mkewe, iliyojaa usingizi na matumaini:

"Baba, umeamka? Hebu nichumie japo majani mawili, kabla hajaja."