Wifi Kapewa Sawa

Ni yeye mwenyewe aliyemleta. Alimshika mkono wifi yake, mdogo wa mumewe, akamfikisha kwa bosi, akamwonyesha meza ya kukalia na ile mashine ya kahawa isiyotoa kitu mpaka ipigwe kofi. Siku hizo binti hakuweza kuandika mistari miwili ya programu bila kukwama. Mwaka haujaisha, kila kikao ni "tumuulize Wifi." Hata bosi, na ndevu zake zote, alimwita Wifi, kana kwamba naye kaolewa kwao.

Yeye aliyemleta, ofisini walimwita Chujio. Pale kwenye kampuni yao, programu ya mtu haiendi kwa wateja mpaka mwenzake aisome mstari kwa mstari, kisha aandike chini yake neno moja: sawa. Bila sawa, kazi inalala. Na kuipata sawa ya Chujio ilikuwa kama kumkamua fahali.

Sasa kiongozi wa timu alikuwa anaondoka, na bosi alishasema nafasi itakwenda kwa mmoja wao wawili. Chujio aliitaka nafasi ile mpaka ikamnyima usingizi. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Mdogo wangu ana kichwa yule!" mumewe alisema mezani, mdomo umejaa.

"Na mimi juu ya shingo nina nini? Kibuyu?"

Mume akacheka, akadhani ni utani. Fadhila za punda ni mateke, Chujio akawaza, akaondoa vyombo kwa kelele.

Siku iliyofuata Wifi akamletea kazi aisome: programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kliniki siku zao za kumwona daktari. Ilikuwa imeandikwa vizuri, vizuri kwa kuudhi. Chujio akasoma huku roho inamuuma, mpaka karibu na mwisho akaliona kosa. Wifi alisahau kuiambia programu ikumbuke nani ameshatumiwa ujumbe. Ingemaliza orodha, kisha ianze upya, na upya tena.

Alifurahi, tusifichane. Angeweza kumwita, wakarekebisha pale pale, wakanywa kahawa. Badala yake akaandika "sawa", akafunga kompyuta, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi simu za ofisi zilikuwa zinalia zote kwa pamoja. Wagonjwa walikuwa wanaambiwa "usikose kufika kesho" bila kupumzika. Mzee mmoja alitaka aelezwe ukweli: ana ugonjwa gani huo mpaka kliniki imbembeleze hivyo?

Programu ikazimwa, bosi akaita kikao. Kabla hajauliza, Wifi akasimama, macho mekundu.

"Kosa ni langu. Wifi yangu asisemwe, aliniamini tu."

Bosi akamgeukia Chujio. "Ilikupitaje wewe?"

"Imenipita tu, bosi."

"Haya, binadamu hupitiwa. Lakini timu siwezi kumpa mtu ambaye bado anajifunza kwa wateja. Chujio, utaiongoza wewe."

Watu wakapiga makofi. Chujio akashukuru kwa maneno machache, akatoka kwenda kunawa uso. Akamkuta Wifi kwenye sinki, anajifuta machozi kwa kiganja.

"Hongera, wifi. Kweli kabisa, hongera. Mimi wala silii kwa sababu ya cheo."

"Unalia nini basi?"

"Nimekuaibisha. Hujawahi kunipitisha mara ya kwanza, siku zote unanirudishia. Juzi nilipoona sawa yako... yaani jana, hata siku zimenichanganya. Nilimpigia kaka simu hapo hapo. Nikamwambia, leo wifi amenikubali."

Chujio akalishika sinki. "Akasemaje?"

"Akasema, 'Si nilikwambia anakupenda?'"

Chujio akaliachia sinki. Akamvuta karibu, akampigapiga mgongoni kama watu wanavyofanya, na wivu ukamuuma kuliko siku zote. Jioni ile Wifi angeweza kwenda kukaa na kaka yake na kumsimulia yote yaliyotokea, tangu mwanzo mpaka mwisho; Chujio, mke wa kaka huyo huyo, asingeweza.