Fundi wa Konde na Programu ya Kamari

Fundi wa kompyuta pale Konde hupuliza kibodi kabla ya kuigusa, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Zulekha, aliyempakata mwanawe akingoja cheti chake kichapwe, alimwona akipuliza mara ya nne. Programu ya kukinga virusi ilikuwa imeifuta tena ile ya kamari kwenye kompyuta ya mteja mmoja.

“Umenitilia virusi wewe!” mteja akafoka. “Nitawaambia watu wasije hapa!”

“Hamna virusi, kaka. Programu yako inasingiziwa tu.”

Mteja alipotoka kupokea simu, Zulekha akanong'ona: “Si umwambie vimo kweli, aachane na kamari?”

“Kamari naichukia mie, Bi Zulekha. Lakini uongo nao haramu.”

Akapuliza kibodi, akasema astaghafirullah, akabonyeza “ruhusu” ili ile ya kamari isifutwe tena.