Mwalimu Aliyeijua Jabe

Kusoma najua. Nilifika sekondari, nikaishia mwaka wa pili, na hadi leo mtu akinifungia kitu kwenye gazeti nalisoma gazeti kwanza, kilichofungwa baadaye. Ninachokosa mimi ni mikono. Tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni mikono yangu yote miwili imo kwenye ungo, nachambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Natoa mchanga, natoa vijiwe, natoa waliovunjika vichwa, maana wateja wa soko letu la Jabe wana macho kama wapelelezi. Mikono ya namna hiyo huwezi kushika nayo kitabu. Kitanuka mpaka mwisho wa dunia.

Kwa hiyo vitabu viliniingia kwa sikio, tena kwa kosa la mtu.

Nilikuwa nimempelekea fundi simu yangu anijazie nyimbo za kwaya. Ni mtu mzima, ana mvi, anakaa nyuma ya wauza viatu na meza yake ya nyaya. Nikarudi mahali pangu, nikachomeka ekuteri sikio moja, waya nikaupitisha chini ya kitambaa cha kichwa, sikio la pili nikaliacha wazi kwa ajili ya wateja. Nikabonyeza. Badala ya kwaya akatoka mwanamume mmoja mwenye Kiswahili kile cha Tanzania, laini, kama amelamba asali: "Karibu, msikilizaji. Vuta pumzi. Usifanye lolote kwa sasa."

Usifanye lolote! Na mteja amesimama mbele yangu! Nikainuka mbio mbio kwenda kumgombeza fundi, na mimi nikigombeza hunisahau upesi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanyoosha mkono. "Samahani mama, nilichanganya. Leta nifute."

Tatizo ni kwamba njiani ekuteri ilikuwa bado sikioni, na yule mwanamume alikuwa ameanza kusimulia habari za mtu aliyekaa miaka bila kusema neno, kwa hiari yake, ili ajue ni kelele ngapi zilizomo kichwani mwake. Nikataka kujua aliishia wapi.

"Usifute," nikamwambia fundi. "Lakini kukosea, umekosea."

Vilikuwa vitabu vinne, vyote vimesomwa na sauti ile ile. Mimi nilidhani waandishi wa vitabu ni watu waliokufa zamani, au ni watu wa darasani, wa kukupigisha insha ya Kifaransa na kukukata alama. Kumbe ni watu! Yule wa kimya. Mwingine mama aliyeunguliwa nyumba, akaamka kesho yake akaanza kuandika vitu ambavyo moto hauwezi kuvila. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara, huyo nilibishana naye kwa sauti mpaka mteja akaniuliza nasema na nani. Alidai asubuhi ujiangalie kwenye kioo na ujisifu. Aka! Mi asubuhi kioo anakishika binti yangu, na akikiachia, gari la samaki kutoka Ruziba, kule ziwani, limeshafika na mizigo.

Kilichonikamata ni cha nne, na hapo lazima nieleze nilikuwa katika hali gani.

Ile nafasi yangu sokoni ilikuwa ya mama. Mbao tatu, bati moja, na nguzo aliyoegemea mpaka ikapata weusi wa mgongo wake. Alinibebea hapo mgongoni. Alipougua nikawa nafungua mimi, alipofariki nikaendelea, na kwenye kitabu cha soko jina likabaki lake. Kisha komiseri, msimamizi wa soko, akapita na daftari: nafasi zote zilizobaki kwa majina ya marehemu zibadilishwe, kila familia ilete jina moja, lenye sahihi ya mtoto mkubwa na za ndugu zake kukubali. Mtoto mkubwa kwetu ni kaka yangu, mfanyakazi wa serikali, mtu wa shati lililopigwa pasi. Akanipigia simu. Sauti ya upole, kama kawaida yake anapotaka kitu.

"Dada, nimefikiria. Jina tuweke la wifi yako. Anachoka kukaa nyumbani. We nenda Ruziba, ndagala zinatoka majini mbele ya macho yako. Utakuwa karibu na mali."

Nikajibu: "Sawa, kaka."

Sawa, kaka! Mimi, ambaye soko zima linaniogopa! Nimeshawahi kumfukuza mwizi wa mizani kwa maneno tu, lakini kaka yangu akisema "dada" kwa ile sauti narudi kuwa mtoto anayepewa amri ya kuteka maji. Nilikata simu nikalia kwa hasira, machozi yakaingia kwenye ndagala. Ruziba wanauza kwa magunia kwa watu kama mimi. Ningemuuzia nani huko, mawimbi? Kumweleza mume wangu, akasema hayo ni ya kwenu, yeye haingizi mkono.

Kesho yake ndipo kitabu cha nne kilipoanza. Mwandishi wake alijiita mwalimu, akasema, na neno hili nililirudia mpaka nikalishika kichwani: "Nafasi yako hukupewa na mtu. Ulizaliwa nayo. Anayeitaka, hata awe ndugu wa damu, mwambie hapana."

Nikaacha ungo. Nikaangalia kushoto na kulia. Nikasema, huyu mtu anaijua Jabe! Anamjua mpaka kaka yangu!

Tangu siku hiyo nilimfuata neno kwa neno. Akasema, isafishe nafasi yako kila asubuhi. Nikanunua sabuni nikawa nasugua mbao tatu kabla ya kupanga samaki, maji meusi yakitiririka mpaka kwa majirani. Akasema, usijaze nafasi yako takataka. Nikatoa magunia mabovu yaliyolala chini ya meza tangu enzi za mama, na ndani yake panya wawili. Akasema, kila siku kaa kimya kidogo ndani ya nafasi yako, usiseme, usijibu. Nikakaa kimya, macho nimefumba, wateja wakaanza kuulizana kama nimepata malaria. Mwanzoni kichwa kilikuwa kinapiga kelele kuliko soko. Baadaye kikawa kinatulia. Na cha ajabu, watu walianza kupenda kununua kwangu, walisema kwangu pananukia vizuri, jambo ambalo kwa muuza ndagala ni muujiza mtupu.

Familia ilipangwa ikutane Jumapili, nyumbani kwa kaka, kule Kajaga. Mimi nilikuwa na mpango kamili. Kaka ana redio kubwa sebuleni. Ningeunganisha simu yangu, ningetafuta sura ile ya kitabu cha nne, ningewaambia wote nyamazeni, sikieni msomi anavyosema. Kaka anaheshimu wasomi.

Jumamosi nilimweleza jirani yangu. Huyo ni mama wa Kiislamu, wa zile familia za zamani za mji huu, anauza viungo, iliki na mdalasini. Kiswahili kwake ni cha kunyonya, si kama mimi niliyekiokota sokoni juu ya Kirundi cha nyumbani. Nikampa ekuteri. Akasikiliza ameinamisha kichwa, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Halafu akaanza kutikisika. Akacheka mpaka akaweka chini kijiko cha kupimia.

"We mama, haisemi nafasi. Inasema nafsi!"

"Nafsi ndiyo nini?"

"Kwani kanisani kwenu hamusemi nafsi?"

"Kanisani kwetu tunasali Kirundi."

Akajipangusa macho. "Nafsi ni we. We mwenyewe, yule wa ndani. Ndiye anakwambia umusafishe kila asubuhi. Siyo mbao!"

Nilimnyang'anya ekuteri. Nilisikia uso unawaka. Ile sabuni yote! Wale panya! Nikasikiliza upya, sikio la pili nimelifunga kwa kiganja chenye magamba, na kweli, sasa niliisikia waziwazi, nafsi, nafsi, nafsi, kila sentensi, kama mtu ananitania. Mwalimu hakuwa anaijua Jabe. Hakuwa anamjua kaka yangu. Alikuwa anasema mambo ya moyoni na watu wake wa moyoni, mimi nikamgeuza wakili wa mbao tatu.

Niliogopa. Niseme ukweli, niliogopa sana, kwa sababu bila ile sura nilikuwa sina kitu mkononi cha kumpiga nacho kaka.

Hata hivyo Jumapili nikaenda. Sebule ilikuwa imepangwa vizuri, soda mezani, brosheti za nyama kwenye sahani, na baba mdogo wetu ameketi kwenye kiti cha pembeni kama shahidi. Wifi alikuwa anaingia na kutoka na sahani. Redio kubwa ilikuwa pale pale, kimya. Kaka alitoa karatasi ya komiseri, akaitandaza, akatoa kalamu.

"Tusichoshane," akasema. "Dada tumeshaelewana, jina ni la mke wangu. Ni plasi tu ya sokoni, mbao na bati."

Nilivuta pumzi. Sikusema kitu. Nilimkumbuka yule wa kitabu cha kwanza na miaka yake ya kimya, nikasema mi nitaomba dakika moja tu. Kaka alishangaa, maana kimya changu hajawahi kukiona. Mkono ukasimama juu ya karatasi.

"Apana," nikasema.

"Apana nini?"

"Apana, kaka. Jina ni langu. Mi ndiye nilifungua pale mama akiwa kitandani, mi ndiye nafungua mpaka leo. Ruziba siendi. Ukitaka kuandika jina lingine andika, lakini sahihi ya kukubali kwangu hutaipata, na kesho komiseri atanikuta nimekaa pale pale."

Sikupaza sauti. Hilo ndilo lilimuumiza zaidi, nadhani, kwa sababu ningepiga kelele angesema mwanamke huyu kichaa na mambo yangeisha. Alinitazama kama mtu aliyemkuta mgeni kwenye kiti chake.

"Nani amekufundisha kunijibu hivyo?"

Jibu la kitabu nilikuwa sina tena. Nikajibu lililokuwepo.

"Mi mwenyewe."

Na lilipotoka ndipo nilipolisikia. Ni maneno yale yale ya jirani yangu, alipokuwa ananitafsiria nafsi. Nilikuwa nimeshasema.

Baba mdogo alikohoa. "Mama yenu alipokuwa hawezi kusimama, nani alikuwa anapeleka samaki pale?" Kaka akaandika jina langu, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika kidogo pembeni, akanisukumia. Mpaka leo tunasalimiana kwa ufupi. Inaniuma, sitadanganya. Lakini ningekuwa Ruziba ingeniuma zaidi, na tena ningekuwa namchekea.

Wifi alinisindikiza mpaka barabarani. Ni mtu wa maneno machache, tumekuwa ndugu miaka mingi bila kujuana. Tulipofika penye kivuli akasimama.

"Wifi, mi sikuomba ile nafasi. Hakuniuliza. Mi nimesikia leo tu, pale sebuleni."

Siku zote hizo nilikuwa namtukana moyoni mwangu, huyu mwanamke, nikisugua mbao. Kisha akaonyesha ekuteri iliyokuwa inaning'inia shingoni kwangu. "Hapo unasikilizaga nini?" Nikamrushia vitabu vyote vinne kwenye simu yake, tumesimama pale, magari yakitumwagia vumbi. Sikumweleza chochote, nilitaka kufika nyumbani.

Zilipita wiki tatu. Asubuhi moja nilikuwa nasugua mbao, maana sikuacha, sabuni nilikuwa nimeshaizoea, na jirani yangu alikuwa ananitania kama kila siku, ananiuliza kama hiyo ninayosugua ni nafsi au ni mbao, nami namjibu ni zote mbili, alete maji. Nikainua macho, nikamwona wifi. Amekuja peke yake, amevaa kitenge cha Jumapili siku ya Jumatano, ekuteri masikioni mwake. Alisimama mbele ya meza kama mteja anayeogopa kuuliza bei.

"Wifi," akasema, "yule mwalimu anasema nisimwachie mtu nafasi yangu. Nimerudia mara nyingi. Nimezunguka nyumba nzima." Akatoa ekuteri sikio moja. "Yangu iko wapi?"

Jirani alifungua mdomo. Nilimkata jicho, akaufunga.

Niliweka chini brashi. Nilisogeza gunia upande wa nguzo, pale alipokuwa anaegemea mama, nikapangusa ubao kwa kitambaa changu, nikamchukulia ungo wa pili.

"Siyo nafasi, wifi, ni nafsi," nikamwambia. "Nitakueleza. Lakini kaa kwanza."