Nilivyokwenda Katuba Kununua Spika za Marehemu

Marehemu alinisemesha nikiwa nimepiga magoti mbele ya spika zake.

Msicheke. Mimi Donat nina karakana ya redio pale mtaa wa Kenya, jirani na Katuba, siyo mtu wa kuota mchana.

Aliyenipigia simu ni Faustin. Kaka yake, Papa Numbi, mstaafu wa reli, amefariki na ameacha spika mbili za zamani, zile kubwa za mbao. Watu wanazitafuta kama dawa. Nikadandia pikipiki mbio mpaka Katuba.

Nilipoingia uani, roho ikasita.

Kwetu mtu akifa, kilio kinajaa uani: moto, viti vya kukodi, wanaume wanalala nje. Hapa hata majivu hayakuwepo.

"Kilio iliisha?" nikauliza.

"Tulifanyia ku Mitwaba, kwetu," Faustin akajibu haraka. "Ingia, fundi. Angaria baffles." Ndivyo tunavyoziita spika.

Sebuleni alikaa mama mmoja, macho mekundu.

"Ni muke ya yaya Numbi," Faustin akasema. "Yeye njo alimuroga."

Alisema hivyo mbele yake, mkavu kabisa. Mama hakuinua kichwa. Niliona aibu kwa niaba yao.

Nikaanza kazi. Spika ya zamani hainunuliwi kwa macho. Unagonga sanduku usikie kama mbao zimeachia. Unatoa kitambaa cha mbele, unatazama ule mpira unaozunguka membrane, ile karatasi inayotoa sauti, maana ndio unaooza kwanza. Kisha unasukuma membrane polepole kwa vidole. Ikikwaruza, koili imeungua, rudi kwako.

Hizi hazikukwaruza. Mpira ulikuwa umebadilishwa na mtu mwenye mapenzi na kazi yake. Mate yakanijaa mdomoni.

Lakini kuna kitu hakikunipendeza. Spika moja ilikuwa imegeuzwa. Haikutazama viti, ilitazama pazia la chumba cha kulala. Tena vumbi lilikuwa kila mahali isipokuwa kwenye kitufe cha sauti. Kiliwekwa chini kabisa, kama cha mtu anayesikiliza akiwa amelala.

"Nani anasikilizaka?" nikauliza.

"Hakuna muntu. Sema bei."

Nikawasha. Rumba ya zamani ikatoka taratibu, tamu ajabu. Simu ya Faustin ikalia, akatoka uani kuipokea.

Hapo yule mama akaniinamia.

"Papa fundi, pandisha sauti. Pandisha sana!"

Sikuelewa, lakini nikapandisha. Besi ikatikisa vioo vya dirisha.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti nyembamba:

"Delphine... ni nani anagusa baffles yangu?"

Jasho lilinitoka. Mama alikuwa ameshavuta pazia.

Papa Numbi alikuwa kitandani, mifupa mitupu, macho wazi. Mzima.

"Tangu juzi hakusema kitu, nilijua muziki yake njo itamuamusha," Delphine akalia. "Banakatala nimupeleke ku hospitali. Banasema bukoo ifike kwanza, imuangarie. Na banaanza kuuzisha bintu yake!"

Faustin akarudi mbio. Alipoona pazia limefunguliwa, hata hakushtuka.

"Ule alikwisha kufa, fundi. Pumuzi tu njo inabakia."

Nimeogopa vitu vingi maishani, lakini sentensi ile ilinipoza damu.

Majirani walianza kuchungulia kwa sababu ya ule muziki. Nikajipa moyo. Nikamnyanyua mzee mikononi. Spika yake moja ilikuwa nzito kuliko yeye.

"Toka mu mulango, ama nitaita bantu ya quartier yote," nikamwambia Faustin.

Akatoka. Jirani mwenye teksi akatupeleka hospitali.

Daktari alipima, akatutazama kwa hasira. "Ni malaria. Juzi mungemuleta, angepona."

Papa Numbi alikufa kesho yake, Delphine akiwa amemshika mkono. Nilimlilia mzee nisiyemjua, wala sioni haya kusema.

Nilikuwa bado kwenye korido ya hospitali simu ilipoita. Faustin.

"Fundi, sasa alikufa kweli. Baffles, ungali unazitaka?"

Nilikata simu.

Ndugu zangu, ukiitwa kununua kitu cha marehemu, usianze kwa kugonga sanduku. Omba kwanza wakuonyeshe kaburi.