Gari la Baba Lilikuwa Linakunywa Maji

Mwaka ule gari la baba lilianza kunywa maji. Asubuhi tulikuwa tunajaza radiateri maji, gari linakwenda sokoni na kurudi, na jioni tunaikuta nusu. Chini yake, kwenye mawe meusi ya uwanja wetu pale Goma, hakukuwa hata na tone moja.

Kabla ya kuzeeka, baba aliendesha lori kati ya Butembo na Goma kwa miaka mingi, na kwa mambo ya gari alijiona hana wa kumfundisha. Mimi nilikuwa nimesoma mekanika mwaka mmoja tu katika shule ya ufundi, msichana peke yangu darasani. Mwaka wa pili baba alinihamishia kwenye ushonaji bila kuniuliza. Kwa hiyo nashona. Lakini ule mwaka mmoja sikuusahau.

Siku moja, moteri ikiwa baridi, nilifungua kifuniko cha mafuta ya moteri. Ndani yake kulikuwa na ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamefika mahali pa mafuta. Nikafungua radiateri, nikawasha. Mapovu yakaanza kupanda kama kwenye sufuria inayokaribia kuchemka, na nyuma bomba likatoa moshi mweupe usioisha.

“Papa,” nikamwambia, “ni joint ya culasse imeungua, ile yenye kutenganisha maji na mafuta ndani ya moteri. Tusiliendeshe mpaka mafundi wafungue.”

Hakuinua kichwa kutoka kwenye redio yake. “Weye unajua nini? Rudia kwenye mashine yako ya kushona.”

Alileta fundi, akabadilisha radiateri. Akaleta mwingine, akabadilisha pompe ya maji. Kila mmoja alimwambia alichotaka kusikia, na gari likaendelea kunywa.

Kisha dada yake, shangazi yangu wa Rutshuru, akafariki. Tulitoka asubuhi kwenda kumzika, baba kwenye usukani, mama na mimi nyuma na bidoni mbili za maji miguuni. Kwenye mpando wa Kibumba mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu.

“Papa, simama. Zima, ipoe.”

“Nikisimama tutachelewa.”

“Ukiendelea hatutafika.”

Mama akanifinya goti ninyamaze. Moteri ikagonga mara mbili, tatu, ikazimika. Baba alishuka akataka kufungua radiateri palepale, ikiwa bado inafoka. Nikamshika mkono kwa nguvu, mara ya kwanza maishani mwangu. Akaniangalia kama niliyemtukana.

Tulimaliza safari kwa pikipiki. Tulipofika, shangazi alikuwa ameshazikwa. Baba alisimama mbele ya udongo mbichi, kofia mkononi. Nilimhurumia, na hasira yangu haikupungua hata kidogo.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani. Fundi wa tatu akafungua moteri uwanjani kwetu, baba akiwa amekaa na majirani wawili. Nilikuwa ninaleta chai alipoinua ile joint, imeungua kati ya silinda mbili, nyeusi kama mkaa.

“Muzee,” fundi akasema, “hii iliungua zamani. Hakuna mutu alikuambia?”

“Mutoto wangu aliniambia,” baba akajibu. “Ule mwanaume, mwenye anasoma Bukavu. Ule iko na kichwa.”

Kaka yangu hakuwa ameliona gari lile tangu lianze kuharibika. Nikaweka sinia chini.

“Papa, ni mimi nilikuambia.”

“Weye ao kaka yako, si ni nyumba moja?” Akachukua kikombe chake. Majirani wakacheka kidogo. Fundi akainamia funguo zake, akajifanya anatafuta kitu.

Culasse, kile kifuniko cha juu cha moteri, ilisawazishwa, joint mpya ikawekwa, gari likapona. Kaka aliporudi kutoka masomoni alipewa ufunguo mbele ya familia nzima, na baba akaomba tupige makofi. Nilipiga.

Siku hizi gari likiingia uwanjani nasikia mkanda wa moteri ukilia. Unataka kukazwa kabla haujakatika. Juzi mama aliniona nimesimamisha mashine ili nisikilize, akaniuliza kama kuna kitu kibaya kwenye gari. Nikamwambia nina sketi tatu za kumaliza kabla ya Jumapili, nikaendelea kushona.