Siku Niliposhinda Mdahalo Kisauni

Chuoni kwetu Kisauni tulifunzwa mambo ambayo nyumbani Timbwani hayakuwa na pa kuwekwa. Historia ya Warumi, fasihi, kuchora maua, na somo moja likiitwa mantiki ambalo hadi leo ukiniuliza lilikuwa la nini, nitakutazama tu. Uhuru ulikuwa unanukia, kila mtu anatoa hotuba, basi na sisi wasichana tukaundiwa chama cha mdahalo.

Desturi ya mdahalo ndiyo iliyonitia wazimu. Mwalimu wetu, bibi wa Kizungu mwenye Kiswahili cha vitabuni, alitupitishia kikapu chenye vikaratasi. Ukitoa cha kuunga, unaunga. Ukitoa cha kupinga, unapinga. Mwenyewe unaamini nini, hilo halikuulizwa.

"Mwalimu, nikisema nisiloliamini si nitakuwa mwongo?"

"La," akacheka, "utakuwa msomi."

Makubwa hayo! Neno hilo halikuniingia.

Kwa siku ya wazazi hoja ikawa hii: nyumba ni chuo bora kwa mwanamke kuliko chuo chenyewe. Nikatia mkono kikapuni, nikatoa cha kuunga. Na wakati huohuo kwetu kulikuwa na posa. Kijana mmoja, karani wa bandarini, watu wake walikuwa wameshaleta maneno, na jibu walilitaka alasiri ya kesho yake siku hiyo ya wazazi. Likiwa ndiyo, masomo basi. Mke wa mtu hangevuka maji kila wiki kwenda kuchora maua. Baba hakuniuliza. Kwetu mwari haulizwi na babake uso kwa uso. Mama ndiye humpelekea habari, naye mwari akinyamaza huwa ameridhika. Mama alikuwa bado hajaniambia. Nilijua kwa kusikiliza mlangoni.

Basi siku ya wazazi ikafika, nikasimama. Baba yuko safu ya mbele, kanzu imepigwa pasi, koti juu. Mimi nina kisirani tangu utotoni, sipendi kushindwa hata kwenye bao. Nikaeleza jinsi mama anavyopima chumvi kwa jicho, anavyopatanisha majirani bila kutoka jikoni, je, ni chuo gani kilichomfunza? Watu wakaitikia kwa vichwa, nami nikapandisha sauti: "Wallahi, mimi nyumba ingenitosha!" Ukumbi mzima makofi. Baba akafuta macho kwa leso.

Kwenye feri akaninunulia kashata, akawa ananitazama na kutabasamu. Nikadhani amefurahia ushindi. Kumbe! Tulipofika alimwita mama uani, nikamsikia: "Hapana haja ya kumuuliza. Amekubali mwenyewe, mbele ya kadamnasi, tena kwa kiapo." Mama akapiga kigelegele.

Nilitoka chumbani mbio, kanga inaburura. "Baba, yale hayakuwa yangu! Nilitoa kikaratasi!"

"Kikaratasi gani?"

Nikamweleza habari ya kikapu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Yaani huko mnafunzwa kuapa kwa zamu?"

"Kiapo kilinitoka tu, baba."

"Mdomo huponza kichwa," mama akasema, kigelegele kimemkauka.

Baba akakaa kwenye kitanda cha kamba. "Mimi sikwenda kule kutazama mchezo, mamangu. Siwezi kukuuliza mambo haya, nikasema nikakusikilize, labda utatamka neno nikujue moyo. Ungesema wataka kusoma, ningewarudisha watu hawa." Akavua kofia, akaishika magotini. "Haya, mila nimeiweka kando. Nakuuliza mimi babako. Wataka nini?"

Hapo ndipo nilipopotea. Tangu posa ilipoletwa jibu nilikuwa nalo: nataka kusoma. Lakini juma zima nilikuwa nimeyakariri maneno ya upande ule mwingine, na nilipoyasema pale ukumbini yalinipendeza, nikamwona mama kama mtu ambaye sijawahi kumwona. Na yule karani nilishamchungulia dirishani, hakuwa mbaya hata kidogo. Nikatafuta lipi langu na lipi la kikapuni, nisilione. Niliona hofu kweli.

"Sijui, baba."

"Sijui ni jibu gani hilo?" mama akafoka.

Kesho yake alasiri wazee wakaja. Nilikaa nyuma ya pazia. Wakanywa kahawa, wakaulizana hali, kisha mkubwa wao akaliomba jibu.

"Mwanangu hajui," baba akasema.

"Hajui, maana yake hataki?"

"Maana yake hajui. Akijua nitawaletea jibu mwenyewe."

Wakavaa viatu polepole, wakitazamana. Baba aliwasindikiza hadi kizingitini, mtu anayeheshimiwa mtaa mzima, amewarudisha wageni bila ndiyo wala la, kwa ajili yangu mimi. Nikaona haya, nikaona uchungu, nikashukuru, yote kwa pamoja, kilio kikanishika.

Mama akafunua pazia. "Analia! Waite warudi! Mwari akilia si ndiyo kukubali?"

Baba akarudi ndani upesi, akanisimamia. "Mwanangu, kilio hicho ni cha ndiyo au cha la?"

Nikazidi kulia.

Akatazama mlango, akanitazama mimi, akaiweka sawa kofia yake. "Basi kesho rudi chuoni," akasema. "Wao ndio waliokuvuruga, wao wakupambanue."